Kiroba kilichochanika kiwekwe juu



Dada mmoja wa Manundu, Korogwe, ameleta swali ambalo kwa sura ya nje ni la ufugaji tu, lakini ndani yake mna mambo ya biashara, ya afya ya watoto na ya dhima ya mwenye mnyama mbele ya Mola wake. Alinunua viroba kumi vya maranda kwa ajili ya matandazo ya banda la vifaranga mia mbili. Vilipakiwa juu ya gari pamoja na mizigo mingine, vikanyeshewa njiani, na vinne kati yake vilifika vimechanika. Alipolalamika, muuzaji alimwambia kwa simu kuwa maranda si unga, hayaharibiki. Basi akaviziba viroba kwa selotepu, akavipanga katika chumba wanacholala watoto kwa kuwa hana stoo, na baada ya wiki moja akaanza kutandaza. Siku chache baadaye vifaranga wakaanza kuhema midomo wazi na kufa mmoja mmoja, na mwanawe mdogo mwenye pumu akawa anakohoa usiku kucha. Anauliza: hasara hii ni ya nani? Na viroba vilivyobaki avifanyeje?

Nianze na swali la pili, kwa kuwa vifaranga waliobaki hawana muda wa kusubiri fatwa. Viroba vilivyochanika visitumike tena bandani. Viroba vyote, vizima na vibovu, vitolewe chumbani mwa watoto leo hii, si kesho. Matandazo yaliyokwisha kutandazwa yazolewe yote, sakafu iachwe ikauke, kisha yatandazwe mengine kutoka katika viroba vizima, kila kimoja kikifunguliwa na kukaguliwa kwanza. Sababu zake ni hizi.

Maranda ni yale maganda membamba ya mbao yanayotoka kwenye randa ya seremala, na jina lake limetokana na chombo hicho. Wengi huyachanganya na unga wa msumeno, na si kitu kimoja. Unga ni laini mno. Kifaranga huudonoa akidhani ni chakula ukamjaa tumboni, na vumbi lake huruka kila anapochakura. Katika wilaya zetu maranda hupatikana kwenye karakana za useremala mijini Handeni, Korogwe na Mombo, ambako mbao za msonobari na msaiprasi hushuka kutoka milima ya Lushoto. Walio karibu na mashamba ya mpunga ya Mombo hutumia makapi ya mpunga, ambayo wengi huyaita pumba, nayo ni matandazo mazuri yakiwa makavu. Nitakayoyasema kuhusu maranda yanayahusu makapi pia.

Katika nchi za Ulaya na za Ghuba, wanakofugwa farasi kwa wingi, mbao iliyosagwa hukaushwa na kushindiliwa kwa mashine mpaka ikawa punje ndogo ngumu, kisha hufungwa katika mifuko ya plastiki ya kilo 15 hivi. Punje hizo zimetengenezwa ili zinywe maji: zikinyunyiziwa kidogo huvimba na kufumuka zikawa matandiko laini ya zizi. Sasa fikiri mfuko wenye tundu, uliolala nje usiku mmoja wa mvua. Asubuhi mwenye farasi hukuta donge badala ya punje, na fedha yake imekwenda. Sisi farasi hatuna. Ndorobo wa mapori yetu hawakuwaruhusu wanyama hao kustawi tangu enzi za misafara. Tulicho nacho ni kuku, lakini tabia ya mbao ni ile ile huko na huku. Mbao kavu iliyorandwa au kusagwa hunywa maji popote inapoyakuta, hata yale yasiyoonekana yaliyomo hewani.

Kwa hiyo muuzaji alisema nusu ya ukweli. Maranda makavu ndani ya kiroba kizima, yakiwekwa mahali pakavu, yanaweza kukaa miezi mingi yasiharibike. Lakini maranda yaliyonyeshewa kisha yakafungwa ni jambo jingine kabisa. Unyevu umeingia na hauna pa kutokea. Joto la Korogwe, mji ulio chini kando ya mto Pangani, linafanya kazi yake. Na baada ya siku chache kuvu huanza kuota katikati ya kiroba, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa juu maranda yanaonekana meupe na mazuri. Ukiingiza mkono ndani unakuta yameshikana, yana joto, na yanatoa harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Selotepu aliyoibandika dada yetu, Allah amsamehe, iliziba unyevu ndani badala ya kuuzuia nje.

Watu wa Handeni hujidanganya kwa namna nyingine. Mji uliozoea kusubiri maji ya mto Pangani yaje kwa mabomba hauwezi kudhani kuwa maji ndiyo yatakayoharibu kitu ghalani. Lakini mvua za vuli zikifika hunyesha kwa nguvu, bati lenye tundu la msumari halichagui wilaya, na hata kiangazi kikiwa kikali kuna adui mwingine asiyehitaji mvua, naye ni mchwa. Kiroba cha maranda kilichowekwa juu ya udongo ni karamu aliyoandaliwa mchwa. Anaingia kwa chini, analeta udongo wake wenye unyevu, na wewe unajua siku unayokinyanyua kiroba kitako kikabaki sakafuni.

Turudi kwa vifaranga. Miongoni mwa kuvu zinazoota katika matandazo yenye unyevu ni ile ambayo wataalamu huiita *Aspergillus fumigatus*. Mbegu zake ni nyepesi kuliko vumbi, na kifaranga, ambaye pua yake iko karibu na sakafu mchana na usiku, huzivuta moja kwa moja hadi mapafuni. Huanza kuhema kwa shida, shingo ameinyoosha na mdomo wazi, mara nyingi bila ule mkoromo tunaoujua katika mafua ya kuku. Daktari wa mifugo akimpasua aliyekufa anaweza kukuta mapafuni vinundu vidogo vyeupe au vya njano. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu mfugaji hukimbilia duka la dawa za mifugo akanunua antibayotiki, na antibayotiki haiui kuvu. Anarudia dozi, vifaranga wanaendelea kufa, na matandazo yaliyowaua bado yako chini ya miguu yao. Sisemi kwamba kila kifaranga anayehema ana ugonjwa huu. Kideri nacho huleta shida ya kupumua, na mafua vilevile. Ndiyo maana nasisitiza aitwe afisa mifugo wa kata na apelekewe mzoga mbichi, wa siku hiyo hiyo.

Unyevu una balaa la pili. Vijidudu vinavyoleta kuhara damu kwa kuku hutoka katika kinyesi vikiwa bado havina nguvu ya kuambukiza. Vinahitaji joto na unyevu wa matandazo ili vikomae. Matandazo makavu huvipunguzia nafasi, na yale ya majimaji huvilea. Aidha, kinyesi kikilowana hutoa ile hewa kali inayochoma macho. Ukiingia bandani asubuhi ukahisi machozi, jua kuku wako wamelala ndani ya hewa hiyo usiku mzima.

Ama mtoto mwenye pumu, hilo halihitaji maelezo marefu, na ndilo lililonigusa zaidi katika barua yote. Vumbi la mbao peke yake huchokoza mapafu hata likiwa kavu na safi. Vumbi la mvule linajulikana kwa maseremala kuwa huwasha ngozi na kubana kifua. Taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani imeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya puani, kwa wale wanaolivuta kazini kwa miaka mingi. Ukiongeza kuvu juu ya vumbi, kisha ukaviweka vyote viwili kando ya kitanda cha mtoto ambaye mapafu yake tayari ni dhaifu, huo ni mtihani ambao mtoto hakuuomba. Mtoto huyo apelekwe kituo cha afya, na daktari aambiwe wazi kilichokuwa chumbani.

Najua jibu atakalonipa mama mwenye nyumba ya vyumba viwili: viroba vilale wapi? Swali ni la haki. Jibu langu la kwanza ni kununua kidogo. Viroba kumi kwa mpigo vinaonekana rahisi kwa bei, lakini kama huna pa kuviweka, urahisi huo ni wa siku ya kununua tu. Nunua vya kutosha wiki mbili, na uongee na seremala akuwekee vingine. La pili ni kibanda cha nje: nguzo nne, bati mbili tatu zilizoinamishwa ili maji yashuke upande usio na ukuta, na pande mbili ziachwe wazi hewa ipite. Chini yatengenezwe machaga ya mabanzi yaliyoinuka shibiri moja au zaidi kutoka ardhini, ili unyevu usipande, na ili uweze kuchungulia chini yake kumtafuta mchwa na panya. Viroba visigusane na ukuta. Turubai liwe juu kama mwavuli, lisiwe sanda ya kufunika kila upande, kwa sababu mzigo uliozongwa na nailoni huvuja jasho lake wenyewe jua likipiga. Na kibanda kiwe mbali na jiko. Maranda hushika moto upesi kuliko kuni, na cheche ya mkaa haihitaji mwaliko. Hao wanaowatia joto vifaranga kwa majiko ya mkaa ndani ya banda nao waliangalie hili mara mbili, kwa sababu ya cheche na kwa sababu ya hewa yenye sumu inayotoka kwenye mkaa pasipo na njia ya hewa.

Kabla hujapokea mzigo, fungua kiroba, ingiza mkono mpaka kiwiko, chota ngumi moja kutoka katikati na uikamate kwa nguvu, kisha ufungue vidole. Maranda yakisambaa yenyewe ni makavu. Yakibaki donge, yana maji. Nusa. Tazama kama kuna madoa ya kijivu, ya kijani au meusi. Ulizia pia mbao zilikotoka, maana maranda ya mbao mbichi huwa na unyevu hata kama hayajaona mvua, na hayo yanahitaji kuanikwa juani kwanza juu ya turubai, yageuzwegeuzwe, ndipo yatiwe kirobani. Maranda ya nguzo au mbao zilizotiwa dawa yasiingie bandani kabisa. Na kiroba chenyewe kilibeba nini kabla? Salfeti iliyokuwa na mbolea au viuatilifu haisafishiki kwa kukung'utwa. Iliyokuwa na chakula cha kuku huacha punje ndani, punje huita panya, panya hutoboa viroba vyote, na kwetu panya wakizidi nyoka naye hafiki kwa bahati mbaya.

Kiroba kikichanika na kilichomo bado kikavu, kishonwe siku hiyo hiyo kwa shazia na uzi wa katani, kitu ambacho Korogwe hakijawahi kuadimika. Selotepu haishiki juu ya salfeti yenye vumbi. Kisha kiroba hicho kisizikwe katikati ya vizima. Kiwekwe juu ya vyote, mpasuko ukiangalia juu, ili kila anayeingia akione na kiwe cha kwanza kutumika. Na kama kilichomo kimelowa leo, kimwagwe chote, kianikwe jua kali la siku mbili tatu, kichambuliwe. Lakini kilicholowa juzi kikaota kuvu hakitibiki kwa jua. Jua litakikausha, mbegu za kuvu zitabaki, na zikiwa kavu huruka vizuri zaidi.

Wapo watakaosema kutupa maranda ni israfu. Hoja hii naisikia mara kwa mara na sikubaliani nayo. Kwanza hayatupwi, yanakwenda kwenye shimo la mboji, yakishikwa kwa pua iliyofunikwa. Pili, kumpa mnyama kitu kinachomdhuru ili kuokoa bei ya kiroba si kubana matumizi. Katika Sura al-An'am, aya ya 38, Allah (s.w.) ametujulisha kuwa wanyama watambaao ardhini na ndege warukao kwa mbawa ni jamii kama tulivyo sisi. Kauli ya "ni kuku tu" hainasibiani na aliyeisoma aya hiyo.

Sasa swali la kwanza, la hasara. Msomaji anayekumbuka darsa za hadithi atakuwa ameshafika mbele yangu. Amepokea Abu Huraira (r.a.), katika Sahihi Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikagusa unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, alijibiwa kuwa mvua iliinyeshea. Mtume (s.a.w.) akamuuliza ni kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Tazama kuwa mtu yule hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuuficha unyevu chini ya ukavu.

Katika fiqhi, mnunuzi anayekuta aibu katika bidhaa, aibu iliyokuwapo kabla hajaipokea na ambayo hakuijua, ana khiyari ya kuirudisha. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi wetu pwani na bara ya Tanga, khiyari hiyo ni ya papo hapo: akiijua aibu kisha akanyamaza na kuendelea kuitumia bidhaa, haki yake inadhoofika. Dada yetu aliona mipasuko, akaziba, akatandaza. Hilo linamrudisha nyuma.

Lakini halimalizi kesi, kwa kuwa kuna suala la nani alikodi gari. Kama muuzaji ndiye aliyejifunga kuufikisha mzigo mpaka Manundu, basi mvua iliuonea njiani ukiwa bado haujakabidhiwa, na kilichoharibika kabla ya makabidhiano kiko katika dhamana ya muuzaji. Kama dada aliupokea kwenye karakana na kukodi gari mwenyewe, basi mali ilikwisha kuwa yake. Hapo hutazamwa mchukuzi. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo, mchukuzi halipi ila akizembea au kuvuka mipaka, na dereva mwenye turubai aliyeona mawingu yanafunga kisha asifunike ana la kujibu. Na kuna ile kauli ya simu, kuwa maranda hayaharibiki. Iwapo aliyeisema alikuwa anajua yamelowa na akataka tu kumnyamazisha mteja, dhambi ya kuficha iko shingoni mwake hata kama sheria ya dunia haimpati. Iwapo aliisema kwa kutojua, basi ni kutojua kulikomgharimu mwenzake, na uungwana ni kurudisha walau bei ya viroba vinne. Ningependa wakae wakasuluhishane kwa kiasi hicho. Thamani ya vifaranga ni jambo zito zaidi. Hilo lipelekwe kwa sheikh mjuzi wa mu'amalat akazisikilize pande zote, maana mimi nimesikia upande mmoja, na sistahiki kumhukumu asiyekuwapo.

Limebaki dogo ambalo akina mama wengi huuliza, la matandazo yaliyokwisha kutumika. Katika madhehebu ya Shafi kinyesi cha kuku ni najisi, kwa hiyo nguo na kandambili za bandani ziwe mbali na za swala, na watoto wanaotoka kuokota mayai waoshe miguu kabla ya kukanyaga msala. Kwa Maliki na Hanbali kinyesi cha anayeliwa nyama ni tohara, lakini usafi haujawahi kumdhuru mtu. Kwa sababu hiyo hiyo wanazuoni wa Kishafi hawaioni sahihi bei ya mbolea hiyo yenyewe, ila wanaruhusu mwenyewe aiachie haki yake kwa malipo; basi maneno ya makubaliano yawe hayo. Kabla haijafika kwenye bustani ya mchicha irundikwe kwanza ichachuke na ipoe, kwa kuwa ikiwa mbichi huunguza mizizi, na rundo lenyewe liwe upande ambao upepo hauelekei madirishani.